Kutunza sauti wiki ya Pasaka: kwa wanakwaya

Kwaya nyingi hufika kwenye mkesha wa Pasaka sauti zikiwa zimeshakwaruza. Mkesha wenyewe hauna kosa. Sauti iliishia kwenye mazoezi ya saa tatu mfululizo tangu Jumatatu, na kwenye daladala, mtu akipiga soga kwa kushindana na muziki wa dereva.

Tuanze na yai bichi, ambalo wengi humeza wakidhani linasafisha sauti. Nyuzi za sauti zimekaa kwenye njia ya hewa, na ukimeza, njia hiyo hujifunga. Kitu kikipenya huko unapaliwa. Kwa hiyo yai, asali na tangawizi huishia kulainisha koo, nyuzi haziguswi. Hata maji hupitia tumboni na kwenye damu kwanza, ndiyo maana glasi ya dakika tano kabla ya kuimba inakulowesha mdomo tu. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, mpaka mkojo uwe wa rangi hafifu. Kinachofika moja kwa moja ni mvuke: epua maji yaliyochemka, yaache dakika 3, kisha vuta mvuke polepole kwa dakika 5 hadi 10, bila kuongeza dawa ya kuchua.

Kupasha sauti, zoezi la mrija linatosha. Jaza glasi nusu, tumbukiza mrija sentimita 2, bana midomo, kisha toa sauti ya "uuu" ndani ya mrija hadi mapovu yatoke bila kukatika. Anzia noti rahisi, teleza juu, teleza chini, dakika 3 hadi 5. Maji hurudisha msukumo kidogo wa hewa, na nyuzi hukutana taratibu badala ya kugongana. Mapovu yakikatika unapopanda, umebana koo: rudi chini, usilazimishe. Lirudie baada ya kuimba pia. Hapo ndipo wengi hukimbilia kuondoka.

Kwenye mazoezi, wanaoumia zaidi ni sauti ya kwanza (soprano) na ya tatu (tenor). Anayeshika noti A ya hezi 440, nyuzi zake hukutana mara 440 kwa sekunde, yaani 26,400 kwa dakika. Mwalimu anapowafundisha besi, wengine wafuate karatasi kimya, wasi"saidie". Na kama doh, noti ya msingi ya wimbo, ni G, solfa ifundishwe chini kidogo, kwenye E. G irudi mazoezi mawili ya mwisho.

Kinanda kikiwazidi, mtapiga kelele bila kujijua. Mwambieni fundi aelekeze spika moja kwenu.

Koo likiwasha, meza mate au maji. Kulisafisha kwa kukohoa huzigonganisha nyuzi. Kunong'ona nako si kupumzika, wengi hubana koo wakinong'ona. Afadhali useme kwa sauti ya chini, au unyamaze. Pipi za kutia ganzi ziache kabisa: zinaficha maumivu ambayo yangekuonya.

Sauti ikikatika ghafla katikati ya noti, acha hapohapo na usiseme neno. Huenda mshipa mdogo kwenye uzi umepasuka. Usiimbe tena kabla daktari hajatazama, na usijinunulie aspirini wala ibuprofeni, maana huongeza kuvuja damu. Ukwaruzo ukipita wiki 2, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi zenyewe kwa kamera. Antibiotiki za duka la dawa hazitibu vinundu, yaani vivimbe vidogo vinavyoota kwenye nyuzi.