Somo: Anang'ata mkono, anagonga kichwa. Namna ya kumpatia mtoto mbadala usiomdhuru

Somo hili ni la wazazi na walezi wa mtoto anayerudiarudia jambo ili ajitulize: kung'ata mkono, kutafuna kola, kugonga kichwa, kujikuna mpaka damu itoke. Watoto wengi wenye usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisia) hufanya hivyo, na wasio na usonji wapo pia. Mbadala hushika pale tu unapompa hisia ileile anayoitafuta. Anayetaka kutafuna ukimpa mpira wa kuminya, atauminya kidogo, atautupa, kisha atarudi kwenye mkono wake.

1. Amua kama kuna haja. Kupepea mikono, kuyumbayumba akiwa amekaa, kuguna kwa sauti moja: havimuumizi mtu. Mwache, hata kama wageni sebuleni wanamkodolea macho. Tafuta mbadala anapojiumiza, anapoumiza wenzake, au tabia inapomnyima kula, kulala au kusoma.

2. Afya kwanza. Kugonga kichwa kulikoanza ghafla huenda ni sikio au jino linauma. Anayekula udongo au mkaa apimwe damu, maana ulaji huo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma. Anayebandua rangi ya ukutani na kuila apelekwe hospitali haraka. Rangi, hasa za zamani, zinaweza kuwa na madini ya risasi.

3. Daftari, siku 5 hadi 7. Andika saa, kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata. Mfano: "Saa 4:40 asubuhi. Kengele, kelele darasani. Kang'ata kiganja cha kulia kwa magego. Mwalimu kamtoa nje." Mstari huo mmoja una mambo matatu. Kelele ndiyo chanzo. Anatumia magego, kwa hiyo anahitaji kitu kigumu kiasi na kirefu cha kufika nyuma ya mdomo. Na kila aking'ata, anatolewa nje: huenda ndiyo njia yake ya kuomba kutoka. Mtoto huyo, pamoja na kitu cha kutafuna, afundishwe kutoa kadi au ishara ya "nataka kutoka", na akiitoa atolewe palepale. Ukimcheleweshea, atarudia kung'ata, kwa kuwa ndiko kunakojibiwa haraka.

4. Oanisha mbadala na hisia anayoitafuta.

Kutafuna: kitafunio cha silikoni kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, laini kwa anayetumia meno ya mbele, kigumu kwa anayetumia magego. Kinachopita kwenye tundu la rolo ya karatasi ya chooni ni kidogo mno, kinaweza kumkaba. Kikague kila asubuhi. Kikianza kupasuka, tupa. Usimfunge kamba shingoni. Kwa anayetafuna nguo, mvalishe mkononi bendi nene ya kitambaa cha taulo, uwe nazo tatu ili moja ikilowa mate ubadilishe. Uji mzito kidogo kwa mrija mwembamba nao hukipa kinywa kazi.

Mgandamizo, kwa anayejipiga au kujigonga: mkumbatie kwa nguvu ya wastani, au mzungushie blanketi jepesi kuanzia mabegani kwenda chini, kichwa kikiwa nje na aweze kujitoa mwenyewe. Kazi nzito hufaa pia: kukanda unga wa chapati, kusukuma kiti, kubeba ndoo ndogo yenye lita 2 za maji.

Vidole vinavyokuna au kung'oa nywele: soksi nene yenye gramu 250 za mchele, funga kwa uzi, ivalishe soksi ya pili, shona mdomo. Ianike juani mara kwa mara na ubadilishe mchele, fukusi huingia. Usitumie puto badala ya soksi, likipasuka na kipande kikaingia kooni, ni hatari kubwa.

5. Mfundishe akiwa ametulia. Hapa ndipo wengi hukosea: kitu kinatolewa mtoto akiwa tayari analia, hana nafasi ya kujifunza. Mzoeshe dakika 2 au 3, mara kadhaa kwa siku, kisha mpe kabla ya kile daftari lilichoonyesha. Kengele ni saa 4:40? Awe nacho mkononi saa 4:35. Usimpokonye kama adhabu.

6. Pima baada ya wiki 2. Hesabu tena kwenye daftari. Siku za mwanzo tabia inaweza kuzidi, usiache. Wiki 2 zikipita bila nafuu, huenda hisia uliyolenga siyo: rudi hatua ya 3.

Maswali ya wazazi na walezi

*Bibi yake anampaka pilipili vidoleni aache kung'ata. Kuna ubaya?*
Upo, mama. Pilipili hufika machoni na kwenye vidonda. Shubiri haimchomi vile, lakini haigusi haja yenyewe, na mtoto huhamia kwenye midomo au kola. Mpe bibi kazi ya kukumbatia, ataipenda zaidi.

*Blanketi lenye uzito kwa mtoto wa miaka 2?*
Hapana. Hata kwa mkubwa, kwanza shauriana na mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku). Kipimo kinachotumika sana ni takriban asilimia 10 ya uzito wake, na lazima aweze kulivua mwenyewe.

*Wangu ana miezi 10, anagonga kichwa kitandani kabla ya kulala. Ni usonji?*
Tabia hiyo peke yake haitoshi kusema hivyo. Watoto wengi wazima huanza katika umri huo na huacha wakikua. Sogeza kitanda mbali na ukuta, kaza skrubu, usiweke mito. Akiwa haitiki jina lake au hakutazami usoni, mpeleke kliniki akaangaliwe.

*Silikoni ni ghali. Naweza kumpa muwa au muhogo mbichi?*
Muhogo mbichi usimpe, una sumu ya sianidi, hasa ule mchungu. Muwa uliomenywa unamfaa mtoto mkubwa anayejua kutema makapi, akiwa amekaa na wewe upo. Kwa siku nzima shuleni haufai, sukari itakula meno. Huko tumia bendi ya taulo.