Kuchagua nguo za watoto Mlango Mmoja na kuzipeleka kituoni sikukuu hii

Desemba ikishafika katikati, meza yangu pale Mlango Mmoja, soko la mitumba hapa Mwanza, hupata wateja wa aina mbili. Mama anayemnunulia mwanaye hugeuza kila nguo mara mbili, anaivuta, anainusa, ndipo anaanza kupatana bei. Anayewapelekea watoto wa kituo cha kulelea yatima husimama pembeni na kuniambia, "Mama, nifungie za elfu hamsini, nawahi daladala." Haangalii hata moja. Nimeuza nguo za watoto miaka kumi na moja, na jambo hili linaniuma kila mwaka. Zawadi ya kituoni inastahili kukaguliwa kwa vidole vile vile. Utaratibu ninaoufuata mimi ni huu.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kununua

Piga simu kituoni au nenda mwenyewe, uongee na mlezi. Wako watoto wangapi, wa umri gani, kipi kimejaa kabatini na kipi kimeisha.

Mimi hatua hii niliwahi kuiruka. Nilijaza begi zima la shangazi kaja, nguo za vichanga watupu, kwa kuwa ndizo zinazopendeza zaidi mezani. Mlezi alizitoa moja moja akazipanga kwenye benchi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante sana, mama. Ila wachanga ninao wawili tu. Hawa wengine wote wanatembea." Uani walikuwa wanakimbia watoto zaidi ya kumi, suruali zimeishia juu ya vifundo vya miguu. Nililirudisha begi sokoni siku ile ile, nikabadilisha.

Maziwa ya kopo usinunue kwa kukisia. Muulize mlezi, maana kila umri una maziwa yake na mtoto mwingine amepangiwa aina maalumu na daktari.

Kama hukijui kituo, pita kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri: kwa Nyamagana ni Jiji la Mwanza, kwa Ilemela ni Manispaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na yeye ndiye wa kukuambia kama ipo. Tena huyo huyo anaweza kukuelekeza kwa bibi wa Igogo au Mabatini anayelea wajukuu peke yake. Hapo nguo zako zinafanya kazi kubwa pengine kuliko mahali popote.

Hatua ya 2: Soma lebo

Nguo nyingi za Ulaya hazina miezi, zina namba, na namba hiyo ni urefu wa mtoto kwa sentimita. 56 ni kichanga, 62 ni wa miezi mitatu hivi, 68 ni wa miezi sita, 74 miezi tisa, 80 mwaka mmoja, 92 miaka miwili. Za Marekani zenye 2T ni za mtoto wa miaka miwili anayetembea.

Ukisita kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Mtoto huzaliwa na kama sentimita 50 na hufikisha karibu 75 akitimiza mwaka, kwa hiyo nguo inayomkaa sawasawa leo itambana kabla ya Pasaka.

Hatua ya 3: Kagua kwa vidole

Hapa usiwe na haraka. Geuza nguo, ndani iwe nje, na uanze na mishono. Mshono mgumu shingoni au kwapani humchubua mtoto, naye hana namna ya kukwambia. Shika kila kifungo kwa kidole gumba na cha shahada, ukivute kwa nguvu. Kikicheza, kitang'oka, na kikishang'oka kinaelekea mdomoni. Vifungo vya kubonyeza vifunge na kuvifungua mara tatu. Zipu ipandishe hadi juu uone kama ina kitambaa cha kuzuia isimbane kidevu.

Kamba ya shingoni au ya kofia ivute itoke kabisa. Ikigoma, iache nguo hiyo hata kama ni nzuri kiasi gani, kwa sababu kamba hunasa kwenye kitanda au kitasa na kumkaba mtoto. Lastiki ya kiunoni ivute uiachie: ikirudi kwa uvivu imekufa, na ikikuachia alama kwenye kifundo cha mkono itamwachia mtoto alama tumboni.

Soksi na chupi nunua mpya, pale sokoni Makoroboi zimejaa tele. Chupi za mtumba zimepigwa marufuku nchini, na kwa watoto sioni hata sababu ya kujadili. Ila soksi, hata ikiwa mpya, ikague. Ingiza vidole vitatu ndani, itanue, uielekeze kwenye mwanga. Ukiona nyuzi zimepita katikati kama wavu uliochanika, irudishe. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unazidi kukaza kadiri mtoto anavyopiga mateke. Damu haipiti, kidole kinavimba, na mtoto analia usiku kucha watu wakidhani ni tumbo.

Halafu kuna yale maovaroli ya manyoya. Yanavutia, lakini yameshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Mchana wa Mwanza mtoto ataloa jasho na kutoka vipele vya joto. Chagua pamba nyepesi ya mikono mirefu, ambayo jioni inasaidia pia dhidi ya mbu, na uongeze sweta moja kwa ajili ya upepo wa ziwa na usiku wa mvua. Kujua kama mtoto anasikia joto au baridi, mguse shingoni kwa nyuma. Mikono na nyayo hudanganya.

Ovaroli lenye soksi likiwa zuri ila fupi, likate sehemu ya vidole na upinde mshono. Litavaliwa miezi miwili zaidi bila kumkunja vidole.

Hatua ya 4: Fua, anika, piga pasi

Usipeleke nguo moja kwa moja kutoka kwenye robota. Roweka kwa maji ya moto, fua kwa sabuni ya mche, suuza hadi povu liishe. Desemba mvua hainyamazi na nguo hukaa kwenye kamba siku mbili. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi na kuota kama jipu. Pasi ya moto huua mayai hayo, basi piga pande zote mbili, na kiunoni na kwenye mishono urudie.

Vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo, naftalini, usiviweke kamwe kwenye nguo za mtoto. Wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali inayoonekana sana sehemu zenye malaria kama kwetu. Wakiivuta harufu ile au ikiwagusa kwenye ngozi, chembe nyekundu za damu huvunjika na manjano huwashika vibaya. Nguo iliyokauka sawasawa itunze kwenye ndoo yenye mfuniko, inatosha.

Hatua ya 5: Fungasha kwa umri

Kila fungu lifunge kwa kanga au kitambaa, na karatasi juu: "miezi 6–9", "miaka 2". Mlezi mwenye watoto kumi na wawili hana muda wa kuchambua mlima wa nguo.

Hatua ya 6: Peleka kwa awamu mbili

Tarehe 25 na 26 kila mtu yuko kituoni na soda na biskuti. Februari hakuna anayebisha hodi. Nusu peleka kabla ya tarehe 20, nusu ibaki ndani ya ndoo hadi Februari.

Mkabidhi mlezi, naye awavalishe kwa wakati wake. Nakuomba sana usiwapange watoto mstari wakuimbie shukrani, na sura zao usiziweke mtandaoni. Mtoto huyo kesho atakuwa shuleni na wenzake.

Kabla hujaaga, muulize mlezi nani anakaribia kuzidi nguo zake, uandike. Kwenye daftari langu sasa hivi kuna ovaroli mbili za 92, sweta moja ya 80, na viatu vya msichana aliyeanza kusimama.