SA612 na betri ya volti 9
Wadau wa redio za mkononi, hiki kichipu cha miksa (kinachanganya signali mbili ili kubadili masafa) SA612 kinakula kama miliampea 2.4 tu ndo maana kinafaa sana kwenye vifaa vya betri, ila kinatakiwa kufanya kazi kati ya volti 4.5 na 8, sasa mtu anachomeka betri ya volti 9 moja kwa moja (na ikiwa mpya inazidi hata hiyo 9) halafu anashangaa. Weka 78L05 (kidhibiti kinachotoa volti 5) hapo kati basi. Pini 1 na 2, ambazo ndo inputi, zina volteji yake ya ndani, kwa hiyo signali ipitie kapasita. Antena ya omu 50 nayo usiiunge hivihivi, inputi iko kama omu 1500, funga koili ya kulinganisha omu hizo mbili. Stesheni kali ikiwa karibu kinazidiwa haraka, filta mbele inasaidia.