Kisa kimoja kila Ijumaa jioni
Wenzangu mawakala wa forodha wa Malaba na Busia, jaribuni hili: kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, mtu mmoja asimulie mzigo uliomkwamia wiki hiyo. Asimulie, asitoe ripoti. Alidhani tatizo ni nini, akahangaika wapi, nani akamfungua macho. Kumbe namba ya sili (lakiri ya kufungia mlango wa kontena) iliyoandikwa kwenye karatasi imepishana na iliyo kwenye sili yenyewe kwa tarakimu moja tu, na dereva wa watu amelala mpakani.

Hapo kwenye "alidhani" ndipo penye mali. Mwongozo wa kazi huandika jibu sahihi; hausemi mtu makini hupotelea wapi. Mwanaanthropolojia Julian Orr aliwafuatilia mafundi wa fotokopi wa Xerox huko Marekani miaka ya 1980, akakuta wanafundishana sana kwa visa wanavyosimuliana, hata wakiwa mezani wanakula.

Dakika 20 zinatosha. Bosi aanze yeye, tena na kisa kilichomtoa jasho. Akitangulizwa kijana mgeni ataogopa kuonekana hajui kazi. Na msitegemee WhatsApp peke yake, maana ujumbe wa sauti wa mwezi jana nani ataupata? Huyo mgeni ndiye aandike kwenye daftari la ofisi: dalili, chanzo, tulivyotatua. Maswali yake huwalazimisha wazoefu kueleza wanayoyafanya kwa mazoea. Anayehamishwa kituo aandikishe visa vyake kabla ya kukabidhi ufunguo.