Panda kaliandra pembeni ya shamba

Jamani wenye ng'ombe wa maziwa huku Mbale na hata kule Kabale kwenye matuta, pandeni kaliandra, ule mti mdogo wa jamii ya kunde wenye maua mekundu kama nyuzi za brashi. Kilo 3 za majani mabichi zinampa ng'ombe protini karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani, na unajua bei yake siku hizi. Sasa sikilizeni hapa, mlisheni yakiwa mabichi, mkiyaanika hayasagiki vizuri tumboni, na changanyeni na mabingobingo, kaliandra isizidi theluthi moja.

Mbegu loweka kwenye maji baridi siku 2 ndo uziotesha. Usiukate mapema, subiri ufike kama mwaka hivi, halafu kata usawa wa kiuno na panga kali, baada ya muda utaona machipukizi yanatoka. Mimi yangu iko kwenye tuta, inashika udongo mvua ikipiga, fito nategemezea maharage, na maua yakichanua jioni, asubuhi nyuki wamejaa hapo.