SOMO: Jinsi ya kujua kama ulichochimba ni liki pori (soma lote kabla ya kuuliza)

Wadau, mvua za kwanza zikishanyesha Dodoma, naanza kutumiwa picha zilezile. Tunguu limechimbwa kilimani, lina maganda kama kitunguu, na swali ni moja: "Mkuu, hii si liki pori?" Naliandika hapa mara moja, wa mbele nitakuwa nawaelekeza kwenye uzi huu.

Liki pori ni Allium ampeloprasum, jina alilolitoa mwanabotania Linnaeus mwaka 1753. Jenasi ni ileile ya kitunguu maji na kitunguu saumu. Vitabu vya zamani vinaiweka familia ya Liliaceae, vya baadaye Alliaceae, na tangu mpangilio wa 2009 wa APG (kundi la wanabotania wanaopanga familia za mimea) imo Amaryllidaceae. Ukikuta vitabu viwili vinapingana, tazama kwanza mwaka wa kuchapwa. Liki ya sokoni imetokana na spishi hiyohiyo.

Kwao ni kusini mwa Ulaya, kaskazini mwa Afrika na Asia ya magharibi, kwenye miamba ya pwani, kingo za mashamba na udongo uliovurugwa. Kule mvua ni za majira ya baridi. Majani hukua kipindi hicho, na joto likija hutoa ua kisha hukauka. Kwetu ni kinyume: mvua zinanyesha Desemba hadi Aprili, kipindi cha joto, na baridi ya Juni na Julai ni kavu. Basi kilichojiotea chenyewe Kongwa au Bahi, anza kwa kukikatalia.

1. Piga picha mmea mzima kabla ya kung'oa.

2. Andika mahali ulipo na udongo wake: mchanga mwekundu, mfinyanzi mweusi wa mbugani au mwambani.

3. Nusa jani. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Ponda kipande kidogo cha jani, mara moja, kwa vidole vilivyooshwa kwa sabuni. Ukishaponda jani moja la jamii ya kitunguu, harufu inabaki vidoleni, na kila utakachoshika baadaye kitanukia kitunguu hata kama ni majani ya ng'ombe. Aliyetoka jikoni kukata kachumbari asinuse kabisa, amwite mwenzake. Pia jua maana ya majibu: pasipo harufu, siyo Allium, umemaliza. Penye harufu, bado hujathibitisha, maana Tulbaghia nayo inanuka kitunguu saumu na ni jenasi nyingine. ONYO: matunguu mengine ya porini, kama Drimia, yana utomvu unaowasha ngozi. Ponda jani, tunguu liache.

4. Tazama ua. Kwenye Allium, vikonyo vyote vya maua vinatoka nukta moja juu ya shina, na kabla ya kuchanua vinafunikwa na ngozi nyembamba kama karatasi. Maua yakipangana kando ya shina kuanzia chini kwenda juu, siyo liki.

5. Pasua ua moja kwa wembe, kutoka juu hadi chini. Kwenye Allium, ovari (kifuko cha mbegu changa) iko juu ya mahali petali zinaposhikia. Kwenye Scadoxus, lile duara jekundu linalochanua na mvua za kwanza, ovari iko chini ya hapo petali zinaposhikia.

6. Usionje. Drimia altissima ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na maganda yake yamepangana vizuri tu kama ya kitunguu cha Singida.

MASWALI

Mdau wa Nzuguni: Mkuu hiki changu kinalika? Nimeshakimenya, picha hiyo.

Mwandishi: Rudi hatua ya 1. Usile.

Mdau wa Nzuguni: Mbona unatisha watu? Nimenusa, kinanukia kitunguu kabisa.

Mwandishi: Ulinawa kwanza? Ua lake liko wapi? Hatua ya 3 na ya 5 nimeziandika kwa ajili yako. Usile.

Mwalimu Mpwapwa: Shikamoo mkuu. Kwa nini jani halinuki mpaka lipondwe?

Mwandishi: Marahaba, mwalimu, swali zuri. Ndani ya seli kuna viasili vya salfa visivyo na harufu kali, na kando yake kimeng'enya kiitwacho alinasi, vimetengwa. Ukiponda, vinakutana na harufu inazaliwa papo hapo. Wajaribishe wanafunzi: kitunguu saumu kimoja kipondwe kibichi, kingine kichemshwe kizima kisha kipondwe. Cha pili kinanuka kidogo sana, kwa sababu moto umeshaua kimeng'enya.

Binti Mgogo: Video za Marekani nimeona wanachimba liki pori msituni, majani mapana. Ndiyo hii?

Mwandishi: Hapana dada, ile ni Allium tricoccum, ya misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini. Hutoa majani mapema, miti ikiwa bado haina majani, ili iwahi jua. Ua hutoka majani yakishanyauka. Hukua polepole mno, ndiyo maana Quebec, jimbo la Kanada, walipiga marufuku kuiuza mwaka 1995.

Mwalimu Mpwapwa: Tunataka kukausha sampuli za shule. Matunguu yanatushinda.

Mwandishi: Yapasue katikati kwa urefu kabla ya kuyabana kwenye magazeti, na vaa glavu. Likiwekwa zima linaendelea kuchipua humohumo. Badilisha magazeti kila siku.

Mkulima wa Ihumwa: Nje ya mada kidogo. Liki yangu ya bustani imenenepa ila haitoi ua, nataka mbegu.

Mwandishi: Inahitaji baridi ya muda mrefu ndipo itoe ua, na Ihumwa hutaipata. Nunua mbegu, na nguvu zako ziweke kwenye kupandishia udongo shinani kadiri inavyokua. Sehemu nyeupe itarefuka.