Kusubu machubwi ya mshipi uani, na kwa nini usubiri umande ukauke

Siku ya kwanza nilipokwenda kuomba risasi gereji moja ya Ngamiani hapa Tanga, kijana aliyekuwa anabalansi magurudumu aliweka spana chini akanitazama. "Risasi za nini tena, ami?" Nikamwambia za kuvulia changu. Akacheka, akanijazia kopo. Lugha yetu imetupa neno moja kwa madini na kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki, na ukisema Tanga mjini kwamba unasubu risasi nyumbani, yaani unaiyeyusha na kuimimina kwenye umbo, lazima ujieleze. Zile za bunduki zina sheria yake na kibali chake. Hapa ni za mshipi wa kuvulia: machubwi, vile vizito vya kuzamisha ndoana.

Nilianza kusubu mwenyewe kwa sababu machubwi ya dukani ni mepesi na ya mviringo. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yakivuta, chubwi la gramu 60 halifiki chini. Linaogelea na chambo chako mpaka chini ya ngalawa ya jirani. Nami nataka refu, jembamba na zito.

Kutafuta risasi

Iliyo bora ni ile laini: maganda ya nyaya nene za zamani za chini ya ardhi, vipande vya mabomba ya kale, shiti za kuezekea. Ikwaruze kwa ukucha. Risasi safi inachubuka, na ukiisugua kwenye karatasi inaacha mstari wa kijivu kama penseli. Kwa muuza skrepa uliza waya umetoka wapi, maana wapo wanaochimba usiku.

Vyuma vya kubalansi magurudumu vinafaa pia, ila siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Kidondoshe kimoja sakafuni: cha risasi kinatoa sauti butu, cha zinki kinalia kama sarafu. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwenye 419. Kwa hiyo moto ukiwa wa kadiri, zinki iliyopenya itabaki nzima ikielea juu, uichote.

Betri za gari achana nazo kabisa. Najua ni rahisi kupata, na najua wapo wanaozipasua. Ndani kuna asidi na unga wa risasi, na huo unga ndio unaoingia mapafuni na kubaki uani mwako, watoto wanapochezea.

Kalibu

Kalibu ndilo umbo la kumiminia risasi. Mchanga wa pwani usiufikirie, una chumvi, na chumvi inanyonya unyevu hata ukiuanika. Mimi natumia mbao mbili za mvule, urefu wa sentimita 10, zilizorandwa zikakaa uso kwa uso bila mwanga kupenya. Zibane pamoja kwa klampu, kisha toboa kwa kekee ya milimita 20 kwenye ule mstari wa maungio, kwenda chini sentimita 7. Nusu ya tundu itakuwa ubao huu, nusu ubao ule. Mdomo wa juu uchonge kama faneli.

Hesabu ya uzito ni rahisi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ni gramu 11 na kidogo. Tundu la milimita 20 lenye kina cha sentimita 7 linabeba kama sentimita 22 za ujazo, yaani karibu robo kilo. Ukitaka gramu 180 hivi, toboa sentimita 5.

Kwenye kitako piga msumeno mfereji mwembamba wa kupitisha waya. Kata waya wa shaba nyekundu kama sentimita 12, ukunje katikati uwe na kitanzi, usokote, kisha ncha mbili zipanue kama mkia wa mbayuwayu. Kitanzi kikae nje, mkia ndani. Risasi ikiganda juu ya ule mkia, waya hautoki.

Anika mbao siku kadhaa, zisiwe za juzi kutoka kwa mpasuaji. Halafu zipitishe ndani juu ya moshi wa kibatari mpaka zishike masizi. Masizi ndiyo yatakayofanya chubwi lichomoke lenyewe.

Ukavu

Hapa nitakaa kidogo.

Maji yakigeuka mvuke yanachukua nafasi kubwa zaidi ya mara 1,600. Tone likianguka juu ya risasi iliyoyeyuka linachemka tu na kuruka. Lakini tone likiingia chini ya risasi halina pa kwenda, na sufuria nzima inakutemea usoni. Sisi tunaokaa pwani kila kitu chetu kina maji: kamba, mbao, upawa uliolala nje usiku.

Kovu nililonalo kwenye kiwiko lilitokana na chubwi langu mwenyewe la zamani. Nililiokota chini ya dau, nikalifuta kwa shati, likaonekana kavu, nikalitumbukiza kwenye risasi iliyokwisha yeyuka ili niongeze. Ndani ya tundu lake kulikuwa na kipande cha kamba kilicholowa. Sikusikia mlio, niliona tu ukuta wa choo umepakwa fedha. Miwani ndiyo iliyoniokoa macho.

Basi sheria zangu ni hizi. Risasi yote huwekwa sufuriani ikiwa ya baridi, kabla ya moto, vipashwe pamoja. Machubwi ya zamani huyachoma kwanza pembeni mwa jiko mpaka kamba iungue iishe. Bomba lililobanwa ncha zote mbili hulipasua kwa shoka. Sianzi kabla ya saa nne asubuhi, umande uwe umekwisha, na msimu wa masika sisubu kabisa. Ndoo iliyo karibu nami ni ya mchanga mkavu. Ya maji iko mlango wa pili.

Kuyeyusha na kumimina

Sufuria iwe ya chuma nzito. Ya aluminiamu hapana: aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na mkaa uliopulizwa vizuri unafika huko, kitako kikalainika ukiwa umebeba kilo 3 za moto. Sufuria hiyo na upawa wake havirudi jikoni tena maisha.

Jiko la mkaa liwekwe uani, upepo ukupige mgongoni. Vaa viatu vya kufunika, si kandambili, suruali ya pamba, glavu za ngozi, miwani. Watoto na mama mjamzito wasiwepo hata kwa kuangalia. Sigara, kahawa na karanga zisubiri.

Risasi ikiyeyuka utaona ngozi ya kijivu juu. Tupia kipande cha mshumaa kikubwa kama punje ya mahindi. Kitatoa moshi, huenda kikawaka, usishtuke. Koroga, kwangua kingo, kisha engua yale mavi ya chuma na uyaweke kwenye kopo lenye kifuniko. Yasimwagwe bustanini wala baharini. Chini yake uso utang'aa kama kioo. Ukianza kuona rangi ya dhahabu au zambarau umepitisha moto, punguza mkaa.

Pasha upawa kwa kuuegemeza juu ya moto kabla ya kuuchovya. Mimina kwa mkono mmoja usiokatika mpaka faneli ijae kabisa, kwa sababu risasi hunywea ikiganda na itavuta kutoka juu. Chubwi la kwanza na la pili yatatoka na mikunjo kama uso wa bibi. Kalibu bado ya baridi, yarudishe. Mbao zitatoa moshi na kunukia. Zikianza kutokota ndani, mbao hazijakauka: acha, rudi wiki ijayo.

Subiri uso upoteze mng'ao, hesabu mpaka thelathini, fungua klampu. Kichwa cha faneli kikate kwa msumeno wa chuma ukiwa umetandaza gazeti, chenga zote zirudi kopo.

Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha kinywa, na nguo zifuliwe peke yake. Na jambo moja ambalo wazee wa Sahare tunalifanya sote na ni baya: kubana risasi ndogo kwenye mshipi kwa meno. Nunua koleo.

Kufunga

Chubwi lisifungwe kwa mshipi wenyewe. Ongeza kipande cha uzi mwembamba zaidi, kama shubiri mbili, kati ya kitanzi na mshipi. Likinasa kwenye mwamba, huo uzi ndio ukatike, nawe ubaki na ndoana na samaki. Penye maji mafu, yasiyovuta sana, na kina kifupi mimi hata silitoi. Nafunga nati kuukuu au plagi ya injini iliyokufa, na robo kilo zangu nazitunza kwa siku za bamvua.